Nilipopewa Kufunga Msafara: Mwanza hadi Bukoba kwa Baiskeli Wakati wa Masika

Nikimwambia mtu kwamba tumetoka Mwanza hadi Bukoba kwa baiskeli mwezi wa Aprili, huuliza kuhusu milima. Upi mkali zaidi? Ile ya kuelekea Geita au ile ya Muleba? Swali ni halali, maana njia nzima ni kupanda na kushuka, zaidi ya kilomita 400 za kuzunguka kona ya kusini-magharibi ya Ziwa Victoria. Lakini mimi nilikuwa mtu wa mwisho kwenye msafara, na nilikuwa wa mwisho kwa kupangiwa. Kutoka kule nyuma niliona kuwa mlima hauvunji kundi. Mlima ukikushinda unashuka, unaisukuma baiskeli, unafika. Kundi huvunjwa na mvua inapowakuta watu wa mwendo tofauti wametawanyika barabarani: huyu amelowa tangu asubuhi, yule amekwishafika na anakunywa chai, na hakuna anayejua mwenzake yuko katika hali gani.

Nayaandika haya kwa sababu wanaosimulia safari za baiskeli mara nyingi ni wale wanaotangulia. Anayetangulia anaiona barabara. Anayefunga msafara anawaona watu.

Tulikuwa zaidi ya kumi: walimu, vijana wa chuo, muuguzi, dada anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na mzee mmoja fundi baiskeli wa Igoma ambaye wengi wetu tulimwita baba. Baiskeli zilikuwa za kila aina. Vijana walikuwa na za gia, mitumba mizuri yenye breki za diski. Yangu ni ya gia pia, ila breki zake ni za raba. Baba fundi alikuja na Phoenix ya chuma, breki za fimbo, madigadi mbele na nyuma, keria ya kubebea gunia. Wapo walionong'ona kwamba atatuchelewesha. Mimi nimekulia Magu. Nimeona baiskeli ya namna ile ikibeba pamba, ikipeleka mgonjwa zahanati, ikiendeshwa na mama mwenye mtoto mgongoni akienda mnadani. Sikuwa na shaka nayo, wala na mwenyewe.

Kazi ya kufunga msafara ina sharti moja tu: usimpite mtu. Akisimama, unasimama. Akishuka kusukuma, unashuka. Nilibeba pampu, tyubu za akiba, solusheni, viraka, kipande cha msasa, sanduku dogo la huduma ya kwanza, na simu niliyoifunga kwa nailoni mara mbili. Nailoni ile ilitoka ndani ya mfuko wa mbolea. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, hiyo ndiyo bitana bora ya begi niliyoipata: ni ngumu, haipitishi maji, na ni kubwa kiasi cha kuingia nguo zote, blanketi jepesi, na taulo. Waliotegemea makava ya begi ya dukani walilala siku ya kwanza na nguo mbichi. Maji ya mvua hayatoki juu peke yake. Gurudumu linayarusha kutoka chini, nayo hupanda hadi kwenye kitako cha begi, mahali ambapo kava halifiki.

Tuliondoka mjini alfajiri, tukapita Buhongwa, na pale Usagara tukakata kulia kuelekea Kigongo. Zamani hapo ndipo safari ilipokatika: unasubiri kivuko, foleni ya malori imejipanga, unaweza kumaliza saa nzima au zaidi ukiangalia upande wa Busisi. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, karibu kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, na gari linavuka kwa dakika chache. Kwa baiskeli dakika hizo ni nyingi zaidi, na siku yetu zilikuwa na upepo wa ubavuni uliochanganyika na manyunyu. Kinachotisha pale si upepo wenyewe. Ni lori. Lori likikupita, kwa muda mfupi linakukinga, upepo unakatika ghafla na wewe ulikuwa umeuegemea. Kisha linaondoka, upepo unarudi kwa nguvu ile ile na usukani unayumba. Dada wa dagaa alishuka mapema, akapanda kwenye njia ya waenda kwa miguu, akaanza kusukuma. Nikashuka naye. Kutoka pale tuliwaona wenzetu mbele wakipepesuka, nami nikaona wazi kwamba alikuwa ametenda sahihi kabla ya sisi wengine kufikiri. Viungo vya chuma vya darajani navyo vikilowa vinateleza sana. Ukivikuta, nyoosha usukani, pita moja kwa moja, usiguse breki hadi umevuka.

Baada ya Busisi barabara inainuka kwenda Sengerema, na hapo ndipo jambo kubwa la safari hii lilipotokea, ingawa ukitazama kwa nje utasema si kitu.

Vijana walifika juu ya kilima cha kwanza kirefu, wakakaa, wakanywa maji, wakapiga picha, wakapumzika vizuri. Dada wa dagaa na mimi tukafika. Hata hajashuka kwenye siti, kijana mmoja akasimama, akapiga makofi, akasema, "Haya jamani, wote tumefika, twendeni!" Dada naye kwa heshima akageuza baiskeli yake tayari kuondoka, uso umemvimba kwa joto na mvua inamtiririka shingoni.

Ndivyo inavyokuwa katika makundi mengi. Mwenye nguvu anapumzika dakika ishirini, mchovu anapumzika dakika sifuri, kisha jioni tunashangaa kwa nini mchovu amechoka zaidi. Kila kituo kinaongeza pengo badala ya kulipunguza.

Baba fundi alikuwa ameinama anakaza nati ya gurudumu. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Anayefika mwisho ndiye atakayesema tuondoke."

Palikuwa na kimya, halafu manung'uniko. Kijana wa chuo akasema, kwa adabu, "Baba, tukifanya hivyo tutaingia usiku." Mzee akamjibu, "Mwanangu, tukifanya unavyotaka tutaingia usiku na mgonjwa."

Sheria ikapita. Dada akakaa chini, akatoa michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa, akatafuna taratibu, akanywa maji, na alipokuwa tayari akasema, "Tunaweza kwenda." Nilimtazama usoni. Alikuwa mtu mwingine kabisa. Tangu pale hakuwahi kuachwa kwa umbali mkubwa kama ule wa asubuhi, kwa sababu kila mlima aliuanza akiwa na pumzi.

Sheria hiyo ilikuja na shida yake, na nisingependa kuificha. Kwenye jua, anayesubiri anapumzika. Kwenye mvua, anayesubiri anapoa. Ametoka jasho mlimani, amelowa, amesimama juu ya kilima penye upepo, na mwili unaacha kutengeneza joto. Kwa hiyo mahitaji mawili yanapigana: wa nyuma anahitaji kituo kirefu, wa mbele anahitaji kituo kifupi. Tuliyapatanisha kwa njia mbili. Kwanza, tuliacha kabisa kusimama vileleni. Kituo kikawa paa: shule, kanisa, kibaraza cha duka, banda la bodaboda, kwa mama ntilie. Hatukuhesabu tena kilomita kati ya kituo na kituo. Tulihesabu mapaa, na aliyetangulia alikuwa na amri ya kutopita paa zuri bila kusimama, hata kama ndiyo kwanza amechanganya mwendo. Pili, wa polepole walianza kutangulia. Dada akishamaliza kupumzika anaondoka, nami nyuma yake, na wenzetu wanamalizia chai yao wakiwa makavu. Baada ya muda wanatukuta na kutupita, na tunafika paa linalofuata karibu pamoja. Hakuna aliyesubiri kwenye upepo. Kwa jambo hili moja tu, ningekuwa mpangaji wa misafara, ningelifanya liwe la kwanza kabisa kuelezwa watu kabla hawajapanda baiskeli.

Kutoka Sengerema kwenda Geita miteremko ni mirefu, na mteremko kwenye mvua ndio uliotaka akili kuliko mpando. Rimu ya chuma iliyolowa haishiki. Ukibana breki za raba, mizunguko ya kwanza ya gurudumu inafuta maji tu, baiskeli inaendelea kama hujagusa kitu. Ndipo ushikaji unakuja, na ukija ghafla wakati umekwishabana kwa hofu, gurudumu linajifunga na unaanguka. Baba fundi, ambaye breki zake zilikuwa dhaifu kuliko za wote, ndiye aliyeshuka kwa usalama kuliko wote. Nilikuwa nyuma yake kwenye mteremko mmoja, nikamfuatilia kwa makini. Alianza kugusa breki kule juu kabisa, kabla baiskeli haijapata kasi, kidogo kidogo, anagusa anaachia, anagusa anaachia, ili rimu ikaushwe wakati wote. Kabla ya kona alikuwa amekwishapunguza mwendo, na ndani ya kona hakubana kabisa. Vijana wenye breki za diski walikuwa wanasimama vizuri, lakini tairi haijui una breki gani. Ikikanyaga utelezi inateleza. Mstari mweupe wa barabarani, kinyesi cha ng'ombe, tope lililotoka kwenye tairi za magari yanayoingia lami kutoka mashambani: hivyo vyote ni utelezi. Tulipunguza upepo kidogo kwenye matairi ili yakanyage kwa upana, na tulikubaliana kwamba kwenye mteremko kila mtu anamwachia mwenzake nafasi kubwa kuliko anayodhani inatosha.

Kuhusu magari, tuligawana vikundi vidogo vya watu wanne au watano, katikati tunaacha pengo la basi kuingia. Kundi likienda kama mkia mmoja mrefu, dereva hawezi kulimaliza kabla ya kona. Anajaribu, anakutana na lori, anarudi kushoto, na kushoto mpo ninyi. Nyuma yangu nilining'iniza kitambaa cha njano na taa nyekundu inayomweka, mchana pia. Kwenye mvua kubwa dereva wa basi anaona vumbi la maji mbele yake zaidi ya anavyoona watu.

Pancha zilikuwa nyingi kuliko kiangazi. Mpira uliolowa unakatika upesi zaidi kwa jiwe kali, na maji yanasukuma miiba na vipande vya chupa hadi pembeni mwa lami, pale pale baiskeli inapopita. Kiraka hakishiki kwenye tyubu mbichi, hilo kila fundi analijua, lakini ukiwa barabarani umelowa chapachapa hadi vidole, kukausha tyubu ni kazi. Tulikuwa tunabadilisha tyubu nzima njiani, na viraka vinabandikwa jioni ndani, kwa utulivu: msasa, solusheni, unaisubiri ikauke mpaka isinate kidoleni, ndipo kiraka. Niliona watu wakibandika kiraka solusheni ikiwa bado maji, kisha kesho yake wanalaumu kiraka.

Tope nalo lina elimu yake. Karibu na Sengerema tuliacha lami kwenda kulala kwa ndugu wa mwenzetu mmoja. Mwanzoni njia ilikuwa ya mchanga wa luseni, ule wa miinuko yetu ya Usukumani, na mvua ilikuwa imeishikamanisha hata ikawa bora kuliko ikiwa kavu. Tukafurahi. Kisha njia ikashuka bondeni kwenye udongo mweusi wa mbuga, na baiskeli zikasimama. Udongo ule hauchafui gurudumu tu, unajijenga juu yake tabaka kwa tabaka hadi unagusa madigadi, na gurudumu halizunguki tena hata ukisukuma kwa nguvu zote. Baba fundi alifungua madigadi yake ya mbele, akayafunga juu ya keria, akakata kijiti, akawa anakwangua kila baada ya mwendo mfupi. Wengine waliobeba baiskeli begani waliumia migongo bila sababu. Njia rahisi ilikuwa kusukuma juu ya majani ya pembeni, mbali na njia yenyewe, ambako mizizi inashikilia udongo. Jioni tuliosha minyororo kwa maji ya mvua na brashi, tukaikausha kwa kitambaa, ndipo oili. Hatukumwagia maji kwa nguvu kwenye ekseli wala kwenye pedeli, maana grisi ikitoka mle ndani, gololi zinaanza kusaga na safari inaishia hapo.

Geita, Katoro, Buseresere, Bwanga. Sehemu hii nitaipita haraka, si kwamba haina uzuri, ila ilituendea vyema. Asubuhi zilikuwa na mawingu tu, tuliondoka saa kumi na mbili, na mvua ilitupiga mchana kuanzia saa nane, wakati tayari tumemaliza sehemu kubwa ya siku. Tukazoea. Tukaamini kwamba ukiamka mapema umeishinda mvua. Katoro tulikula wali na sato, kwa mama mmoja aliyekataa kutuacha tukae na nguo mbichi akatuwashia jiko la mkaa katikati ya banda. Mungu amzidishie.

Baada ya Chato barabara inapita karibu na pori la Biharamulo, ambalo tangu 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Hapo tulikwenda wote pamoja, hakuna vikundi, hakuna kusimama kupiga picha. Mvua ilipokatika mbung'o walitoka. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea, na hupenda rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Muuguzi wetu alikuwa na koti la mvua la bluu. Alilivua akalifunga kwenye begi, na tofauti ilionekana.

Siku iliyofuata tulianza alfajiri kama kawaida yetu, tukiwa tumelala upande wa Kyamyorwa, tukielekea Muleba. Mvua haikusubiri saa nane. Ilitoka ziwani kabla hakujapambazuka vizuri, na radi zake, na ilikuwa baridi. Tulijificha kwenye darasa la shule hadi radi zikapita, maana juu ya kilima cha wazi ukiwa na baiskeli wewe ndiye mrefu, na mpira wa tairi haukukingi na chochote. Lakini mvua yenyewe iliendelea, na vijana wawili wakaomba watangulie kutafuta mahali pa chai. Wakaondoka.

Tulimkuta mmoja wao juu ya kilima, amesimama kwenye upepo bila paa, anatungoja kwa sababu mwenzake alipata pancha. Alikuwa ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Alikuwa amevaa fulana ya pamba, na pamba ikilowa inakaa na maji hayo mwilini. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, anatetemeka, na nilipomuuliza yuko sawa akanijibu maneno yaliyoshikana. Alipojaribu kushika breki vidole havikufunga. Watu wanadhani baridi ya kudhuru mtu iko Makete au juu ya Kilimanjaro. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, vilima vya Muleba viko juu zaidi ya hapo, na mtu aliyelowa akipigwa na upepo hahitaji theluji.

Muuguzi akachukua madaraka bila kuomba ruhusa. "Hakuna kushuka mlima kwa baiskeli. Tembeeni naye." Tukamshika katikati, tukaingia nyumba ya karibu kwenye kibanja cha migomba, tukapiga hodi. Mama mwenye nyumba alitufungulia, akatazama, akasema, "Mwanangu huyu, ingizeni ndani haraka," kama anamjua. Nguo mbichi zote zikatolewa, akafungwa blanketi langu kavu na khanga mbili za mama, akakalishwa karibu na moto lakini si juu yake. Mmoja wetu alianza kumsugua mikono na miguu kwa nguvu, muuguzi akamzuia. Mzee wa nyumba kwa nia njema akaleta rubisi. Muuguzi akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka pembeni, akaeleza kwamba pombe inaleta joto kwenye ngozi huku ikilitoa ndani ya mwili. Chai ya tangawizi yenye sukari nyingi ilikuja baadaye, alipoweza kushika kikombe mwenyewe. Baada ya muda kutetemeka kulipungua, akaanza kuona aibu, na hapo tukajua amerudi.

Sitasahau kwamba aliyefikwa na hilo alikuwa wa mbele. Safari nzima tulikuwa tumeelekeza macho yetu kwa dada wa dagaa, tukidhani hatari iko kwake. Yeye alikuwa anakwenda polepole, mwili wake una joto la kazi muda wote, na kila kituo chake kilikuwa chini ya paa.

Jioni ile Muleba tulikaa kupanga kesho. Kijana mmoja akasema tuondoke mapema zaidi, saa kumi na moja, tuiwahi mvua. Dada wa dagaa akakohoa kidogo, akasema, "Mkiniruhusu niseme." Kwa kuwa sheria ya baba fundi ilikuwa imempa yeye neno la kuondoka tangu Sengerema, watu walinyamaza wakamsikiliza.

Akaeleza kwamba maisha yake yote yanategemea wavuvi wa usiku. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na wavuvi wanayajua mawingu ya ziwa. Mchana, nchi kavu inapata joto, upepo unatoka ziwani kwenda bara, na mawingu yanajengwa huko juu ya nchi: ndiyo mvua yetu ya saa nane kule Geita. Usiku inageuka. Nchi inapoa, ziwa linabaki na joto lake, upepo kutoka kila pwani unaelekea ziwani na kukutana katikati, na dhoruba inazaliwa juu ya maji, ile inayowaua wavuvi. Kisha upepo mkuu wa kutoka mashariki unaisukuma dhoruba hiyo kuelekea magharibi, nayo inafika upande wa Bukoba alfajiri na asubuhi. "Huku tulipo sasa," akasema, "kuamka mapema ni kwenda kuipokea."

Hii ndiyo sababu Bukoba inapata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Mwanza, kwenye ziwa lile lile, karibu nusu ya hizo. Nilikuwa nimeyasikia mambo haya ya upepo wa nchi kavu na upepo wa bahari shuleni. Sikuwahi kuyaona yakigeuka kuwa saa ya kuondoka.

Kesho yake mvua ilinyesha alfajiri kama alivyosema. Sisi tulikuwa ndani, tunakula ndizi kwa maharage, mtu mmoja anazungusha kahawa ya kutafuna, minyororo inapakwa oili barazani. Dada alitoka nje mara kadhaa kutazama upande wa ziwa. Ilipokaribia saa nne akarudi, akafunga kitambaa kichwani, akasema, "Tunaweza kwenda."

Vilima kati ya Muleba na Kemondo vinafuatana bila huruma, mmoja baada ya mwingine, na migomba pande zote, na ziwa linaonekana kisha linafichwa. Lami ilikuwa imeanza kukauka. Tulisukuma pale pa kusukuma. Kijana aliyepatwa na baridi alikwenda nyuma pamoja na mimi siku hiyo, kwa hiari yake, na aliniuliza maswali mengi kuhusu kazi ya kufunga msafara: unajuaje mtu amechoka kabla hajasema? Nikamwambia nilivyoona mimi. Mtu akiacha kuongea mlimani ni kawaida. Akiacha kuongea kwenye tambarare, msogelee. Akiacha kula, msimamishe. Akianza kusema "niko sawa" kabla hujamuuliza, tafuta paa.

Tuliingia Bukoba jua likiwa bado lipo, wote, na tulirudi Mwanza kwa meli. Humo ndani tulianza kupanga safari ya upande wa pili: Magu, Lamadi, Bunda hadi Musoma. Kule ni mashariki mwa ziwa, kwa hiyo hesabu ya mvua inarudi kuwa ya mchana na jioni, na tutaondoka mapema tena. Dada wa dagaa amekubali kupanga saa. Muuguzi ametoa orodha, na fulana za pamba haziruhusiwi. Baba fundi anabadilisha raba za breki za Phoenix, na ameahidi kukagua baiskeli za wote bila malipo ilimradi ziletwe kwake Igoma wiki moja kabla, zikiwa zimeoshwa. Kijana ameomba kufunga msafara. Nimemwachia pampu.